Nani Atamwiga Bi Somoe

Nyie wa rika langu mnaijua harufu ya kaniki mpya. Hawa watoto wa leo ukiwatajia kaniki wanadhani unakwenda kwa mganga. Ni harufu ya rangi iliyokolea, chungu kidogo puani, kama majani mabichi yaliyofungiwa mtungini, na ukiivaa kabla hujaifua inakuachia weusi kiunoni mpaka maji ya kuoga yanatoka ya buluu. Mie ni fundi cherehani hapa Kibiti. Nimeshona madera, sare za shule na magauni ya harusi mpaka macho yamechoka, lakini kaniki ilikuwa haijapita mezani kwangu miaka mingi. Siku vijana wa kikundi cha maigizo waliponiletea jora zima, nikalifungua karatasi yake, wallahi sikuwaona tena wale vijana. Nilikuwa Mbuchi. Nilikuwa mtoto, nimekaa mlangoni kwa bibi yangu, na maji yamejaa uani.

Mbuchi ya utoto wangu sikumbuki ardhi ilikuwa inaishia wapi. Masika mto ulipanda bila kelele, ukaingia mpungani, ukaingia uani, ukalala chini ya dungu letu, kile kibanda cha juu ya nguzo tulichohamia kila mwaka kuulinda mpunga. Ukilala unasikia samaki wanagonga nguzo huko chini, tok, tok, kama mgeni mwenye haya anayepiga hodi. Asubuhi ukungu unaificha mikoko yote, unasikia watu wakizungumza mitumbwini na huwaoni, sauti zinapita tu, mtu anamsalimia mtu, mtu anamuuliza mwenzake chumvi. Mpaka leo nikisema kweli, nusu ya mambo ninayoyakumbuka sijui niliyaona au niliyasikia ndani ya ukungu ule.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, kwa sababu mama yangu alikuwa ameolewa tena huko Umwe. Jina la bibi Mwanakheri. Mwembamba, mweusi, mwenye kaniki kuukuu aliyoifunga kifuani kila siku ya Mungu, kanga akiziweka sandukuni za kuendea kwa watu. Alikuwa na kikohozi kifupi kabla ya kusema neno lolote, kana kwamba anafungua mlango kwanza. Na mwendo wake! Bibi alitanguliza vidole vya miguu, akipapasa chini, ndipo aweke kisigino. Ni mwendo wa watu waliozaliwa majini, wanaopima tope kabla ya kulikanyaga, lakini yeye alitembea hivyo hata ndani, hata kiangazi, hata juu ya mkeka. Mie aliniita mke mwenzangu, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na nilikuwa najiona mtu mzima kabisa.

Sasa huyu bibi yangu alikuwa na adui. Mie ndivyo nilivyojua. Adui mwenyewe ni jirani yetu Bi Somoe, mwanamke wa Kimatumbi, mfupi, mnene, aliyetembea akiinua magoti juu kama mtu anayepanda mlima, na Mbuchi nzima hapakuwa na kichuguu cha kupanda. Alikuja kwetu kila asubuhi. Hakuja na salamu.

"Hodi kwa mtu asiye na adabu!"

Bibi anakohoa. "Pita, mwizi. Umekuja kunirudishia nguo yangu?"

"Nguo gani? Yale matambara?"

"Kaniki yangu, Somoe. Nirudishie kaniki yangu, nimechoka kukuomba."

"Nitakurudishia siku utakapokufa. Na ufe upesi, maana na mie nimechoka kukuona."

Halafu anakaa. Anavuta ukili wake, anasuka. Bibi anammiminia chai. Hakuna aliyetabasamu, hakuna aliyekonyeza jicho. Nyie mnaosoma mmeshaelewa, Mndengereko na Mmatumbi ni watani, hata wakitukanana ni mapenzi. Lakini mtoto hakai akaelezwa utani, anaukuta tu kama alivyoukuta mto. Mie nilisikia mwizi, nikasikia nguo, nikasikia ufe upesi, basi. Bi Somoe alipoingia nilikuwa nakaa juu ya sanduku la bibi, miguu nimeikunja, nikimtolea macho. Akiniuliza mbona umenuna, najibu sijanuna. Akiondoka nahesabu vijiko.

Kulikuwa na jambo jingine walilokuwa wakilitaja nusunusu, nalo ni vita. Wanaume wa Mbuchi waliizungumza Maji Maji barazani kwa sauti kubwa, nani alikunywa dawa, nani aling'oa pamba, bunduki ya Mjerumani ililiaje, na wengi wao hata hawakuwa wamezaliwa. Bibi na Bi Somoe walikuwapo, watoto wadogo wakati huo, na walikaa kimya. Mtu akiwauliza, bibi alikuwa akisema, "Sisi tulikuwa na njaa tu," na Bi Somoe anadakia, "Wewe ulikuwa na njaa lini, na shavu lile!" Wanaishia hapo. Mie nikaamini vita ni kitu cha wanaume, kama kofia.

Bibi aliugua maji yalipoanza kushuka. Alilala ndani, kitanda cha kamba, na kikohozi chake kile kifupi kikawa kirefu. Bi Somoe aliacha kwenda hata shambani kwake. Alimnywesha uji kwa kata, akimtukana kwa kila funda. "Kunywa, wewe kinyangarika. Kunywa, unanichelewesha." Mie nimekaa juu ya sanduku, roho juu. Siku moja mchana, jua limeingia kwa nyufa za ukuta na vumbi linaelea, nikawasikia wanasemezana polepole, bila matusi. Nilishtuka kuliko matusi yenyewe.

"Somoe."

"Nipo."

"Uniige vizuri."

"Nitakuiga vibaya. Nitakuiga kwa sauti ya mbuzi."

"Usiponiiga, nitaondoka kama mpita njia. Watoto wangu wananijua mie mama. Wajukuu wananijua mie bibi. Nani mwingine ananijua tangu sijaota maziwa?"

Bi Somoe akamfuta uji kidevuni. "Nitakuiga," akasema. "Tulishasema. Atakayetangulia, mwenzake anamwiga. Sasa nyamaza, umeze."

Hilo nalo nalifafanua kwa wale waliokulia mjini. Kwetu, mtu akifa, mtani wake anakuja matangani, anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anaongea kama yeye, anafoka kama yeye, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Marehemu anapita mara moja tena mbele ya watu wake, kisha anakwenda. Asiyeigwa amezikwa, ndiyo, amesomewa, ndiyo, lakini wazee walikuwa wakisema hajaagwa. Mie wakati huo sikuwa nimewahi kuona. Nilichosikia ni kwamba adui wa bibi anataka kumwiga.

Bibi akafa alfajiri ya siku ya pili yake. Wakamzika kabla ya adhuhuri, na mie nikabaki na jambo moja lililonitisha kuliko kaburi, kwamba nilikuwa siisikii sauti yake. Nilijaribu. Nililala chini ya kitanda chake, nikafumba macho, nikajisemea mke mwenzangu, mke mwenzangu, na sauti iliyonijibu ilikuwa yangu mwenyewe. Uso niliupata. Mikono niliipata. Sauti ilikuwa imekwenda naye, na mie nilikuwa mtoto, nilidhani haitarudi kamwe. Nililia kwa hilo mpaka nikapata homa.

Mwenye nyumba sasa alikuwa Baba Mkubwa Athumani, mtoto wa kwanza wa bibi. Alikuwa amekaa mjini miaka akisoma dini, mtu mpole, msafi, anayejua anachokisema. Siku ya mazishi yenyewe aliwaita watani wote mlangoni akawaambia kwa adabu: "Mama anaombewa dua. Hachezewi. Katika nyumba hii mambo ya kuigana hapana."

Bi Somoe alikuwa amesimama mbele, na bintiye wa mwisho, Tatu, msichana aliyenizidi umri kidogo, amemshika kiwiko. Kwapani Bi Somoe alikuwa na kifurushi cha karatasi ya dukani.

"Mwanangu," akasema, "niliahidi."

"Najua, Mama Somoe. Nakuheshimu. Lakini hapana."

Hakubishana. Akainua magoti yake, akaenda uani kwa wanawake, akakaa chini akakiweka kifurushi mapajani. Hata tusi moja halikumtoka. Wanawake walinong'ona kwamba Somoe naye ameshakufa, bado kuzikwa.

Mie nilifurahi? Hapana, sikufurahi, ila nilijiona nimemlinda bibi. Maana nilikuwa nimekwisha fanya langu. Nilisikia wanawake wakisema nguo za marehemu apewe mtani hata kama haigi, ndiyo haki yake, nami nikaona haya sasa ndiyo yale, anakuja kuchukua na ile kaniki nyingine. Nikaichomoa kwenye kamba ya nguo ingali na harufu ya moshi na ya bibi, nikapanda darini, nikaizika ndani ya kihenge cha mpunga mpaka mkono ukaishia begani. Wakaitafuta. Wakapekua sanduku, wakapekua vitanda, wakasema labda imekwenda na maji. Mie nimekaa, nimenuna.

Siku ya tatu ikasomwa hitima. Wanaume walikuwa mbele barazani, wanawake uani, masufuria ya wali yameteremshwa, moshi wa kuni za mkoko umejilaza chini chini kama unavyofanya hewa ikitulia. Ndipo Bi Somoe akasimama. Akajifuta mikono.

"Sikuja kumwiga mtu," akasema. "Mwenye nyumba amekataza, nami nimesikia. Nitajiiga mwenyewe. Hilo sijasikia likikatazwa."

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Bi Somoe akajikunyata, akawa mdogo. Sijui nilisemeje. Alikuwa mwanamke mzima, mnene, mwenye mvi, na mbele ya macho yangu akawa mtoto wa umri wangu, kidole mdomoni, anatazama nyuma. Akasema, hapo nyuma ndiko kwetu, milimani, na pale panapofuka moshi ndipo ghala letu. Akainuka akawa mama yake, mwanamke anayeshuka mlima na mtoto mgongoni, magoti juu, juu, na hapo nikaona yale magoti niliyoyacheka siku zote yalikuwa yanatoka wapi. Mama akachimba ming'oko, ile mizizi ya porini, akampa mtoto yote, akalamba udongo wa vidoleni. Baba alikunywa dawa akaenda vitani hakurudi, akasema, mniwie radhi, yeye sitamwiga, simkumbuki sura. Wakashuka siku na siku mpaka wakafika kwenye matete ya mto wetu huu. Mama akaketi kupumzika. Akaketi hivi. Bi Somoe akaketi, akaegemea kinu, na kichwa chake kikalala taratibu begani.

"Tulikuwa na nguo moja," akasema hali amefumba macho, kwa sauti ya mtoto. "Tunajitanda wote wawili. Watu wa mtumbwini walipotukuta wakasema azikwe. Sanda hakuna. Nikawaambia, hii hapa. Nikaivua. Wakamzika nayo mama. Nikabaki mie ndani ya matete kama nilivyozaliwa, naona haya kutoka. Watu wazima waliniita, sikutoka. Ndipo akaja mtoto mmoja wa kike, anapapasa tope kwa vidole vya miguu, amevaa kaniki yake mpya ya kwanza."

Akafumbua macho. Akatutazama mmoja mmoja, akaishia hapo.

"Basi. Hapa anaingia mtu mwingine, na mtu huyo nimekatazwa."

Loo! Wanawake walipiga kelele. Mwingize! Mwingize, Somoe, usituue! Yeye akatikisa kichwa. "Nimekatazwa. Na hata ningeruhusiwa, nguo yake haipo. Mwanakheri siwezi kumwingia bila nguo yake. Nitakuwa naongopa."

Mtoto ana akili yake, haiendi kwa maneno. Sikujiambia kumbe hakuwa mwizi, kumbe alipewa. Nilichoona ni msichana mdogo ndani ya matete anaona haya kutoka, na mwenye nguo mie. Nikapanda darini. Nikaingiza mkono kihengeni, nikaivuta, nikashuka nayo mbele ya watu wote, punje za mpunga zinanidondoka njia nzima, nikamwekea Bi Somoe mapajani. Hakuna aliyeniuliza kitu. Aliinusa. Akasimama, akaikung'uta, akaifunga kifuani, fundo upande wa kushoto kama lilivyokuwa. Akakohoa, kikohozi kifupi.

"Mke mwenzangu," akasema bibi yangu, "nani amekutuma uifiche nguo yangu kwenye mpunga? Unataka panya wanivalie?"

Nilipiga yowe. Ilikuwa ni yeye. Ilikuwa sauti ile ile niliyoitafuta chini ya kitanda, na ule mwendo, vidole kwanza, kisigino baadaye, Bi Somoe mzima na unene wake amekuwa mwembamba. Alipita akifoka, wali umeungua huu, nani amekoka moto hivi, we binti kaa vizuri, na wanawake wakacheka mpaka wakaanguka wakishikana mabega, wanacheka machozi yanawatiririka, na mie nimeng'ang'ania pindo la kaniki, sitaki kuachia.

Baba Mkubwa akatokea mlangoni. Alikuwa amekasirika, mpaka kanzu ilikuwa inatetemeka. "Nini hiki? Si nilisema..."

Bibi akageuka. Akakohoa. Akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Athumani," akasema. "Umekula?"

Baba Mkubwa akafungua mdomo. Tangu akiwa mdogo, awe amefanya kosa, awe amerudi safari, awe ameoa, hilo ndilo lililokuwa neno la kwanza la mama yake. Akasimama pale, mikono inaning'inia.

"Bado, mama," akasema.

"Sasa unamfokea nani na njaa yako? Kaa."

Akakaa. Akakaa juu ya gogo la kuni na kanzu yake nyeupe, akavua kofia, akajifunika nayo uso.

Hapo Bi Somoe akamalizia. Alikuwa Mwanakheri mdogo kwenye tope, anamtazama mtoto aliye ndani ya matete, anaitazama kaniki yake mpya, anaona uchungu nayo, kweli kabisa anaona uchungu, mpaka tukacheka. Kisha akaifanya kama anaipasua kwa meno, akatoa mlio wa nguo kupasuka, akanyoosha mkono. "Chukua nusu. Lakini ni yangu hiyo. Utanirudishia." Akaivua ile kaniki kuukuu, akaikunja, na alipomaliza kuikunja alikuwa Bi Somoe tena, mzee, mnene, ametoka jasho. Akakifungua kifurushi chake cha karatasi. Ndipo harufu ile ilipopanda, rangi mbichi, chungu, ikajaa uani kote ikaushinda hata moshi.

"Haya, Mwanakheri," akasema akitazama juu ya vichwa vyetu, kuelekea mtoni. "Nguo yako hii. Nzima, si nusu. Usinidai tena. Nenda zako, mchafu wewe, nenda salama." Akanivika mie, ikanizunguka mara tatu, ikaburura chini.

Baadaye, watu wanakula, nilimkuta amekaa peke yake nyuma ya jiko, anapepewa na Tatu. Nikakaa karibu. Si juu ya sanduku, karibu kabisa.

"Na mie nani ataniiga?" akasema, si kwangu, kwa ukuta. "Aliyenijua ndiye huyu nimemsindikiza."

"Mie nitakuiga," nikamwambia. "Mie ni mtani wako."

Akanigeukia. Akaninyanyua kidevu. "Hebu fungua mdomo." Nikafungua. Akachungulia kama anayenunua mbuzi. "Meno yote haya? Ukiniiga na meno haya watasema msichana anacheza kibibi. Ngoja yang'oke kwanza." Akacheka, mara ya kwanza siku zile, akanipiga kibao cha mgongo.

Nilikua, nikaolewa huku Kibiti, nikapata cherehani na watoto. Bi Somoe aliishi sana. Alipofariki ilikuwa masika, barabara imekatika, nilipofika Mbuchi matanga yameshaanuliwa na Tatu amekaa barazani anachambua mchele. Nikamuuliza nani alimwiga mama. Akaniambia, "Angemwiga nani? Watani wenyewe vijana, wanamjua kwa jina tu. Alizikwa kimya." Neno hilo nilikaa nalo miaka yote. Nilikuwa nakanyaga cherehani nalisikia.

Basi turudi kwa wale vijana na jora lao. Walikuwa wanatengeneza igizo la Maji Maji, wanataka mavazi ya kaniki. Kiongozi wao, Rajabu, kijana mzuri tu, akanialika nikaone mazoezi nijue vipimo. Nikaona. Wanaume wengi, mikuki, kelele. Mwanamke mmoja tu, bibi kizee, na aliyemcheza ni binti wa miaka ishirini, wamemmwagia unga kichwani, mgongo ameupinda kama ndoana, anatetemeka sauti, "Jamani wajukuu zangu," halafu anakufa. Ndiyo kazi yake yote. Damu ilinichemka! Nikamuuliza Rajabu, umewahi kumwona bibi anayetembea hivyo? Bibi yako anatetemeka? Akasema, bibi yangu anabeba kuni, lakini mama, hili ni igizo tu. Nikamwambia igizo tu ndiyo nini. Nikarudi nyumbani, nikachukua penseli yangu ya vipimo, nikaanza kuandika, umri ambao wenzangu wanagawa vyombo vyao kwa wakwe.

Sikuwa nimewahi kuandika kitu. Nilikuwa nakaa cherehani haizunguki, naandika walivyotukanana, mmoja baada ya mwingine, na asubuhi za Mbuchi zinarudi na ukungu wao, sauti zinapita na watu siwaoni, nami naziandika zilivyo. Wahusika wakuu wawili, wote bibi, na watakaowacheza wazee wa kweli. Rajabu aliposoma alisema ni nzuri, ila wazee watakumbuka maneno? Nikamwambia, watu wanakumbuka nani aliwasengenya kwenye harusi ya nani tangu hujazaliwa, watashindwa na kurasa hizi? Nikaenda Mtawanya nikamchukua rafiki yangu wa Kimatumbi, mjane, mkulima, mwenye ulimi wa upupu, nikampa awe Mwanakheri. Inavyotakiwa, mtani amwige mtani. Bi Somoe nikajipa mie. Kioo kilikuwa kimekwisha niambia wakati umefika, sina meno ya mbele juu wala chini.

Tukalipeleka igizo Mbuchi, kiwanja cha shule, jua la alasiri, watu wamekaa mikekani. Mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki walimkalisha Bi Tatu, bintiye Somoe, mzee sasa, macho hayaoni vizuri, mkono sikioni. Nikawaza, nikimkosea huyu, sina kwa kwenda. Nikaifunga kaniki mpya, haijafuliwa, harufu yake imenijaa kichwani, nikatoka nikiinua magoti juu, juu, kwenye kiwanja kisicho na hata kichuguu.

"Hodi kwa mtu asiye na adabu!"

Kiti kikaanguka. Bi Tatu amesimama, mjukuu wake anamshika, yeye anamsukuma. Ananyoosha kidole kwangu.

"Mama!" akaita. "Mama! Umechelewa sana wewe!"

Rajabu pembeni ananiashiria niendelee, niseme maneno yangu. Maneno yangu nilikuwa nimeyasahau yote. Nikamgeukia yule binti yangu mzee, nikafungua mdomo wazi, apaone.

"Nilikuwa nangoja meno yang'oke, mwanangu," nikamwambia.